Nani Angoje Maji?

Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo, imebanwa. Upande mmoja kuna milima ya Mitumba, upande wa pili Ziwa Tanganyika, na katikati ukanda mwembamba wa nyumba unaoanzia Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, hadi bandari ya Kalundu. Mgeni akilitazama ziwa hilo, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachozidi mita 1,400, hawezi kuamini kwamba watu wa hapa huamka usiku kutafuta maji. Huamka. Na mara nyingi anayeamshwa ni mtoto.

Nimewapa sauti watu watano ambao hakuna mtaa wa Uvira usiokuwa nao: mama muuza ndagala, bibi aliyelea watoto na wajukuu, mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, na kijana mwendesha taksi-moto ambaye naye ni baba wa watoto wawili. Majina sikuwapa, maana ukitaja jina moja tu, mtaa mzima utajua ni nyumba ya nani. Nimewakalisha kwenye baraza moja na swali moja: mtoto wa miaka saba au minane, ni haki kumtuma maji kabla hakujakucha?

MWALIMU: Acheni nianze mimi, kwa kuwa kesho asubuhi ndiye nitakayewapokea. Saa moja na nusu kengele ikilia, ninapata watoto wa aina mbili, waliolala na waliokesha. Aliyekesha amefumbua macho lakini hayupo. Tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, siwezi kumwinamia mmoja mmoja. Nikimuuliza, "Ulikuwa wapi?" jibu ni lile lile: "Foleni, Mwalimu." Serikali imefuta karo ya pesa, na nyinyi nyumbani mmeweka karo ya usingizi.

MAMA: Unasema "mmeweka" kana kwamba tulifanya kikao tukapiga kura. Nikueleze saa kumi na moja ya nyumbani kwangu. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mitumbwi inarudi ufukweni kukipambazuka. Nisipokuwepo pale mtumbwi unapofika, wenzangu wananunua kwa mvuvi, mimi nabaki kununua kwao. Saa hiyohiyo bomba, likipenda, ndipo linapotoa maji. Saa hiyohiyo mtoto mdogo anaamka anataka kunyonya. Na wewe unataka wakubwa wawe kwako saa moja na nusu, wamenawa, wamevaa, wamekula hata kiporo cha jana. Mikono ninayo miwili. Baba yao yuko Misisi kwenye dhahabu, anarudi akirudi.

BIBI: Mwanangu, usijitetee sana, hujafanya kosa. Sisi tulichota maji mtoni tukiwa hatujang'oa meno ya utoto. Tulikwenda wengi, tunaimba, tunachekana, tunarudi. Mtoto asiyejua maji yanatoka wapi atayamwaga. Siku hizi kuna watoto wanaletewa mpaka kikombe mdomoni, na wakifika umri wa kuolewa hawajui kulowesha mihogo. Samaki mkunje angali mbichi.

KIJANA: Bibi, huyo ni samaki mkubwa. Ndagala ukimkunja anakatika.

BIBI: Wewe ulikunjwa, nilikuona kwa macho yangu. Leo unapakia watu watatu kwenye pikipiki moja, hujakatika.

Hapo baraza lilicheka, na kicheko hicho kingeweza kuumaliza mjadala, kwa sababu Bibi alikuwa amesema jambo ambalo wanaotetea haki za watoto hulipita haraka. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990, hautaji haki peke yake. Kifungu chake cha 31 kinampa mtoto wajibu: kuchangia umoja wa familia yake, kuwaheshimu wazazi na wazee, na kuwasaidia wanapohitaji, kulingana na umri na uwezo wake. Nadhani Bibi angekitia sahihi kifungu hicho bila kusomewa mara mbili. Lakini maneno mawili ya mwisho, umri na uwezo, yana uzito unaoweza kupimwa. Bidoni ya njano ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 na zaidi kidogo. Mtoto wa miaka saba mwenye afya ana kilo zipatazo 23. Tunamtwika mwenzake.

MAMA: Nani anamtwika lita 20? Wangu anabeba ya lita tano. Mkubwa anabeba ya kumi.

MUUGUZI: Basi anakwenda mara ngapi? Tuhesabu. Hata kambini, kwa watu waliokimbia vita, wanaotoa misaada huhesabu angalau lita 15 kwa mtu kwa siku: kunywa, kupika, kuoga, kufua. Nyumba ya watu saba ni lita 105. Kwa bidoni ya lita tano hizo ni safari 21.

MAMA: Munganga, hatutumii lita 105. Tungetumia hizo tungekuwa hotelini.

MUUGUZI: Najua. Ndiyo maana ninaowaona zahanati ni wale ambao maji yao yalitosha bugali lakini hayakutosha mikono. Mama anampangusa mtoto aliyeharisha, anasuuza vidole kwa tone, anaendelea kukatakata sombe. Hakuna aliyekosa akili hapo. Maji yamekwisha tu.

MWALIMU: Tena kuna sheria. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamkinga mtoto na kila aina ya unyonyaji wa kiuchumi.

KIJANA: Mwalimu, usimtishe mama wa watu. Kumletea mama yako maji si unyonyaji. Sheria hiyo inawangoja wenye machimbo, wenye kutuma watoto kuvunja mawe. Ukiwapeleka mahakamani kina mama wote waliowatuma watoto maji asubuhi ya leo, hakimu mwenyewe atakosa maji ya kunywa.

Mwalimu alinyamaza kidogo. Mimi niko upande wa Kijana hapa. Kuuita kila mzigo wa mtoto utumwa ni kuidharau nyumba inayoishi kwa kusaidiana, na anayesema hivyo mara nyingi ni mtu ambaye bomba lake liko jikoni. Hata hivyo Kijana mwenyewe hakuishia hapo.

KIJANA: Lakini ziwani, hapana. Hilo mimi sikubali. Bomba likikauka siku mbili, watoto wanashuka ufukweni na bidoni zao, na huko ndiko mji mzima unakofua, unakooga, unakoshusha samaki, na mengine ambayo sitayataja mbele ya Bibi. Viboko wapo. Ukielekea mdomo wa mto Ruzizi kuna mamba. Nilipokuwa mdogo tulitishwa kwa Gustave.

BIBI: Huyo hakuwa wa kutishia. Alikuwa kweli.

Alikuwa kweli. Gustave alikuwa mamba mkubwa wa Ruzizi na ufuko wa kaskazini wa ziwa, aliyepewa jina hilo na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi na kumfuatilia kwa miaka. Idadi ya watu anaodaiwa kuwaua inakua kila hadithi inaposimuliwa upya. Pande zote mbili za mpaka kuna kizazi kizima kilichojifunza kuyaogopa maji kwa jina lake. Huenda aliokoa watoto wengi kuliko aliowala.

MUUGUZI: Mimi simwogopi mamba. Mamba anachukua mmoja. Ninachokiogopa hakionekani kwa macho. Uvira na kolera ni majirani wa siku nyingi, na ziwa ni ua wao. Mtoto anachota maji ya ziwa saa kumi na mbili, mama anarudi na ndagala zake, anakunywa, anawapa wengine. Hakuna muda wa kuchemsha, na makaa ni pesa. Nyakati za mlipuko utawakuta wahudumu ufukweni na sirinji wakitia klorini kwenye kila bidoni. Wakiondoka, bidoni zinaendelea kuteremka.

MWALIMU: Watu walichanjwa, lakini.

MUUGUZI: Ndiyo, mwaka 2020, baada ya mafuriko. Chanjo ni mwavuli. Ukiwa unaishi chini ya maporomoko, mwavuli una kazi ya kiasi chake.

Mafuriko anayoyataja ni ya Aprili 2020, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17, mto Mulongwe ulipofurika na kupita katikati ya mji. Watu kadha wa kadha walikufa, maelfu ya nyumba zilikwenda, na mitambo ya maji nayo ikaharibika. Hapo ndipo penye kejeli ya Uvira: maji ya bomba la Regideso, shirika la maji la serikali, yanatoka mto uleule. Mulongwe ndio unaowanywesha, na Mulongwe ndio uliowafuata vitandani. Miaka michache baadaye ziwa nalo likapanda, na mwaka 2024 familia za ufukweni zilikuwa zikihamisha magodoro huku watoto wakitembea ndani ya maji sebuleni. Nyumba ikiwa imejaa maji, bado mtu anatumwa maji.

MUUGUZI: Kuna utafiti uliofanywa hapahapa Uvira, na watu wa chuo cha afya na tiba za kitropiki cha London, ukachapishwa mwaka 2015. Walichukua hesabu za pampu za Regideso, siku kwa siku, kuanzia 2009 hadi 2014, wakaziweka kando ya hesabu za wagonjwa walioingia kituo cha kolera. Siku ambayo bomba halikutoa maji kabisa, katika siku 12 zilizofuata waliolazwa wakishukiwa kuwa na kolera waliongezeka kwa asilimia 155 kuliko baada ya siku ya maji ya kutosha. Na walioumia zaidi walikuwa wa mitaa inayotumia bomba sana.

MAMA: Wenye bomba ndio walioumwa?

MUUGUZI: Ndiyo. Aliyezoea ziwa alikuwa anakunywa ziwa siku zote. Aliyezoea bomba, likikatika, ndipo anapoteremka.

KIJANA: Mimi nimeona mabomba mapya yakizikwa. Ufaransa walitoa pesa, Umoja wa Ulaya, na wale wa Wakfu wa Veolia. Mtandao umetanuka, sikatai. Lakini pampu inakula umeme. Umeme ukikatika, bomba refu ni bomba refu lililokauka.

Tangu hapo mjadala uligeuka, ingawa walioketi hawakugundua mara moja. Hadi sasa walikuwa wakibishana kuhusu kubeba: kilo ngapi, umri gani, mbali kiasi gani. Mama ndiye aliyefungua mlango mwingine, kwa hasira.

MAMA: Nyinyi mnazungumza kubeba, kubeba. Kubeba ni dakika kumi! Kutoka bomba la jumuiya hadi kwangu ni mwendo wa kumaliza wimbo mmoja. Shida ni kungoja. Hakuna anayejua maji yanatoka saa ngapi. Jana saa tisa usiku. Juzi saa kumi na mbili. Siku moja kabla ya hapo hayakutoka kabisa, na foleni ilikaa mpaka jua likawaka. Nikijua ni saa kumi kamili, nitaamka saa kumi mimi mwenyewe, nichote, nirudi, niende Kalundu. Lakini siwezi kukaa usiku kucha kwenye foleni na mtoto mgongoni. Kwa hiyo namweka yule ambaye usingizi wake hauna bei.

Ningependa wanaoandika ripoti kuhusu "watoto na maji" wayasikie maneno hayo. Mama hakumtuma mwanawe kwa sababu ana shingo imara, hana. Alimtuma kwa sababu foleni inadai mwili wa mtu, mwili wowote, usimame hapo kwa saa zisizojulikana, na katika nyumba ya Uvira kila mwili mwingine una mahali unapodaiwa. Wa mama unadaiwa na mitumbwi, wa baba na machimbo, wa bibi na magoti yake. Wa mtoto unadaiwa na shule, lakini shule haina ubavu wa kukata chakula cha jioni.

MWALIMU: Bidoni hazikai foleni peke yake? Mbona naziona zimepangwa mstari mrefu bila watu?

KIJANA: Zinakaa mpaka maji yatoke. Yakitoka, kila bidoni isiyo na mwenyewe inasukumwa nyuma. Ukirudi unaikuta ya mwisho, au huikuti.

MAMA: Ndiyo maana bidoni haiachwi. Desemba 2025, vita vilipoingia mjini tukavuka kwenda Burundi, nilibeba mtoto na bidoni. Watu walinicheka. Tulipofika huko hawakucheka tena.

Kimya kidogo. Bibi ndiye aliyekivunja, na alikivunja kwa swali ambalo sikumtegemea yeye kuuliza.

BIBI: Hao watoto wa foleni, mbona ni wasichana?

MWALIMU: Wavulana pia wapo.

BIBI: Wapo, wanacheza mpira wa makaratasi kando, na dada zao wanalinda bidoni mbili-mbili. Mimi nimesema mtoto afundishwe kazi. Sikusema mtoto wa kike. Wewe Mwalimu, kwako anakwenda nani?

MWALIMU: Kwangu... anakwenda binti. Lakini mvulana yuko mwaka wa mtihani.

BIBI: Na binti ataufika mwaka wa mtihani akiwa macho?

Mwalimu hakujibu, na sikuona sababu ya kumlazimisha.

MUUGUZI: Na wanaume je? Kijana hapa ana mabega.

KIJANA: Mimi napeleka maji nyumbani! Nafunga bidoni nne nyuma ya pikipiki, napeleka kwa mama watoto, hata kwa majirani.

MUUGUZI: Kwa pikipiki. Na kichwani?

KIJANA: Kichwani watu watasema mke wangu amenipiga dawa.

MAMA: Angalia hilo. Mwanamume akibeba maji kwa pikipiki ni mchapakazi, akibeba kwa baiskeli na kuyauza ni mfanyabiashara, akibeba kichwani kwa watoto wake amerogwa. Maji ni yaleyale.

KIJANA: Sikuianzisha mimi hiyo.

MAMA: Wala mimi sikuianzisha foleni.

Muuguzi akarudi kwenye yanayowezekana, kama ilivyo desturi ya watu wa kazi yake. Alisema asiyeweza kuacha kumtuma mtoto ampe bidoni ndogo mbili, mkono huu na mkono huu, asimtwike shingoni. Ziwani asimtume kabisa. Maji ya kunywa yawe na chombo chake chenye kifuniko, yasichanganywe na ya kuoshea. Na kila nyumba ijue mchanganyiko wa mtoto anayeharisha kabla hajafikishwa kituoni: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

MAMA: Lita moja ya maji safi. Umeona tunavyorudi palepale?

MWALIMU: Mimi naweza kufanya kitu kimoja. Anayetoka foleni akichelewa, sitamwacha nje ya geti.

MAMA: Asante, Mwalimu, lakini hiyo ni huruma ya nusu saa. Mimi nataka saa ya bomba. Regideso watuambie: mtaa huu Jumatatu na Alhamisi, saa fulani. Hata yakiwa machache. Machache yenye saa nitayapanga. Mengi yasiyo na saa yananilia mtoto.

KIJANA: Umeme ukikatika hawawezi kutimiza saa.

MAMA: Basi watangaze kwamba umekatika. Redio zipo. Simu zipo. Tukijua hayatoki, watoto watalala. Mtu hapangi foleni mbele ya bomba ambalo ameambiwa limekufa.

MUUGUZI: Na siku hiyo mtakunywa nini?

MAMA: Ya akiba. Nikijua mapema nitaweka akiba. Munganga, huo utafiti wako wa London ulihesabu siku zisizo na maji. Ulihesabu siku tulizoambiwa mapema?

MUUGUZI: Sidhani kama zilikuwepo za kuhesabu.

BIBI: Mpaka hao Regideso wawe na saa, mimi sina usingizi hata hivyo. Zee kama mimi linaamka na jogoo wa kwanza. Nitakaa pale kwenye foleni na kigoda changu, nilinde bidoni za nyumba tano. Nani atanisukuma nyuma?

MAMA: Hakuna, Bibi. Lakini ukikaa wewe foleni, mtoto mdogo nitamwachia nani nikienda Kalundu? Si wewe ndiye unayemshika?

BIBI: Kweli, ni mimi.

MWALIMU: Kijana, wewe saa kumi unakuwa wapi?

KIJANA: Nimelala. Abiria wa Kavimvira wanaanza saa kumi na mbili.

BIBI: Basi umepata kazi ya saa mbili za kwanza. Utalinda foleni, wasichana watalala.

KIJANA: Nitakubali kulinda. Na bidoni nitazifikisha kwa kila nyumba, lakini kwa pikipiki, na mafuta tuchangiane.

MAMA: Kwangu ni dakika kumi kwa miguu. Mafuta ya nini?